Nyumba za Wakfu: Nani Amuangalie Msimamizi?

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake wote.

Ama baad. Katika milango ya fiqhi ambayo wanafunzi wetu huipita haraka haraka ni mlango wa ijara na mlango wa wakfu. Mwanafunzi hukaa miezi mingi katika tohara na sala, kisha akifika katika wakfu huhifadhi nguzo zake nne: mwenye kuweka wakfu, kinachowekwa, anayewekewa, na tamko, akasonga mbele. Lakini mwanafunzi huyo huyo akishakuwa imamu na kukabidhiwa msikiti, mara nyingi hukabidhiwa pamoja nao nyumba mbili tatu za wakfu zenye wapangaji ndani yake. Hapo ndipo hujikuta ni mwenye nyumba kwa niaba ya watu waliokwishakufa, mbele ya watu wasio na pengine pa kwenda. Paa linavuja, kodi haikupandishwa kwa miaka ishirini, daftari halipo, na aliyekuwa akisimamia amefariki bila ya kumrithisha mtu habari za mambo.

Makala hii inataka kujibu suala moja kwa njia ya tarikhi: nyumba za kuwastiri wenye haja zinapotolewa kwa nia njema, ni nani anayehakikisha kuwa msimamizi wake anafaa na anatekeleza wajibu wake? Leo nchi nyingi zina sheria za kuwasajili na kuwapa ithibati wale wanaopangisha nyumba kwa bei nafuu, na huenda mtu akadhani kuwa jambo hilo ni jipya. Ukweli ni kuwa umma huu ulilishughulikia kabla ya karne ya pili ya Hijra kumalizika, na ndani ya tarikhi yake mna mafunzo ya mafanikio na mna mafunzo ya khasara.

Masahaba na makazi ya wenye haja

Wengi wetu tunaijua wakfu ya Sayyidna Umar (r.a.) katika ardhi yake ya Khaybar. Alimtaka ushauri Mtume (s.a.w.), naye akamuelekeza aizuie asili yake na kuyatoa sadaka matunda yake. Tunalopenda kulisahau ni kwamba Sayyidna Umar hakuishia katika kutoa. Aliainisha wanaostahiki, akaeleza kuwa msimamizi ana ruhusa ya kula kwa wema bila ya kujilimbikizia mali, na katika hati yake akamtaja binti yake, Bibi Hafsa (r.a.), kuwa ndiye atakayesimamia baada yake. Kwa hiyo tangu mwanzo wakfu ilikuwa na msimamizi anayejulikana kwa jina na mpaka wa ujira wake.

Lililo karibu zaidi na maudhui yetu ni la Zubeir bin Awwam (r.a.). Imepokewa kwamba alizifanya nyumba zake kuwa sadaka, akashurutisha kuwa binti yake aliyeachika ana haki ya kukaa humo, asidhuru wala asidhuriwe. Na akiolewa akatosheka kwa mume, basi haki hiyo inakoma. Naye Ibn Umar (r.a.) aliifanya sehemu yake ya nyumba ya baba yake kuwa maskani ya wenye haja katika jamaa zake.

Tuyazingatie masharti ya Zubeir. Kwanza, kigezo cha kuingia ni haja. Pili, haja ikiondoka, nafasi inaachiwa mwengine. Tatu, kuna haki za pande mbili: mkaaji asiidhuru nyumba na watu wake, na yeye mwenyewe asidhuriwe. Ukisoma kanuni za leo za nyumba za gharama nafuu utakuta kurasa nyingi zinazozunguka mambo hayo matatu.

Kadhi aliyefungua daftari

Kwa muda wa karne moja hivi wakfu zilibakia mikononi mwa familia za waliozitoa na mawasii wao. Palipokuwa na uchamungu zilistawi. Palipoingia kizazi kisichomjua babu aliyetoa, nyumba zilianza kurithiwa kimya kimya kama mali ya kawaida.

Huko Misri, katika ukhalifa wa Hisham bin Abdul-Malik, mwenye kushika ukadhi alikuwa Tauba bin Namir al-Hadhrami. Mwaka 118 Hijria, sawa na 736 Miladia, aliona kuwa mwisho wa sadaka hizi ni mafakiri na masikini, na kwa hiyo ni wajibu wake kuweka mkono wake juu yake ili zisipotee wala zisirithiwe. Akaamuru zisajiliwe. Wanahistoria wa Misri wanasema kuwa hakufariki ila baada ya wakfu kuwa na diwani kubwa inayojitegemea.

Hapa pana nukta inayohitaji kushikwa vizuri. Tauba hakuwa mpangishaji wala mla mapato. Mkono aliouweka ulikuwa mkono wa kulinda na wa kuhesabu. Hoja yake pia ilikuwa ya kifiqhi: ikiwa mwenye haki ya mwisho ni masikini, na masikini hana wakili, basi kadhi ndiye wakili wake. Kutokana na hoja hiyo ndogo ukazaliwa usimamizi wote uliofuata.

Sifa za anayefaa

Mafakihi waliokuja baadaye walilipanga jambo hili kielimu. Al-Khassaf wa madhehebu ya Hanafi, aliyefariki mwaka 261 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za wakfu. Kwetu sisi tunaosoma madhehebu ya Imamu Shafii, ibara iliyo mashuhuri ni ile ya Imamu Nawawi katika Minhaj, nayo kwa maana yake inasema mambo manne.

La kwanza, usimamizi ni wa yule aliyeshurutishwa na mwenye kuweka wakfu. Na ikiwa hakushurutisha, ni wa kadhi. La pili, sharti la msimamizi ni uadilifu na uwezo wa kuendesha kazi hiyo. La tatu, kazi zake ni kupangisha, kukarabati, kukusanya mapato na kuyagawa. La nne, akishapangisha kwa mkataba sahihi, kisha kodi za mji zikapanda ndani ya muda huo au akatokea mtu anayetaka kulipa zaidi, mkataba hauvunjiki kwa kauli iliyo sahihi zaidi.

Tuanze na hilo la pili, kwani ndilo linalopuuzwa sana. Uadilifu peke yake hautoshi. Kuna mzee mchamungu asiyejua kusoma hesabu wala kumsimamia fundi; huyo ni muadilifu asiye na uwezo. Na kuna mfanyabiashara hodari asiyeaminika. Huyo ana uwezo na hana uadilifu. Wote wawili hawafai kusimamia wakfu wakiwa peke yao, na sifa mojawapo ikiondoka kadhi ana haki ya kumuondoa. Hiyo ndiyo ithibati. Kinachotofautiana baina ya zama zile na hizi ni karatasi tu.

Lile la nne nalo ni ngao ya mpangaji. Mjane aliyepangishwa kwa mwaka mmoja hatolewi mwezi wa tano kwa sababu ametokea mfanyabiashara mwenye fedha nyingi.

Katika mlango wa ijara, Minhaj inamlazimu mwenye kupangisha kumkabidhi mpangaji ufunguo, na ukarabati ni juu ya mpangishaji. Akiharakisha kutengeneza, vyema. Asipofanya hivyo, mpangaji ana khiyari ya kuvunja mkataba. Mafakihi waliingia mpaka katika theluji: iliyo juu ya paa inaondolewa na mwenye nyumba, na iliyo uwanjani inaondolewa na mpangaji. Sisi watu wa pwani hatuna theluji, lakini tuna mvua za masika na dari za boriti. Hukumu ni ile ile.

Mas-ala ya kodi nafuu

Je, msimamizi anaweza kupangisha nyumba ya wakfu kwa kodi ya chini kuliko ya mtaani? Hapa pana mchanganyiko mkubwa katika miji yetu.

Ikiwa mwenye kuweka wakfu amesema kuwa nyumba ni makazi ya mafakiri, basi wanakaa kwa haki yao, na hakuna ubaya kwa sharti lake la kutoa kodi ndogo ya kukarabatia. Lakini ikiwa nyumba imewekewa msikiti au madrasa, basi anayestahiki ni huo msikiti, na msimamizi ni mwenye dhamana. Mafakihi wamesema asipangishe kwa chini ya kodi inayolingana na nyumba kama hiyo, isipokuwa kwa tofauti ndogo ambayo watu huvumiliana, kama walivyoeleza Mahanafi. Akimpangishia shemeji yake kwa robo ya bei, amefanya ukarimu kwa mali isiyokuwa yake.

Faida ya kuzitenganisha hukumu hizi mbili ni kubwa. Anayetaka kuwasaidia wapangaji wanyonge leo na aseme hivyo katika hati yake, aainishe ni nani wanaostahiki, na atenge fungu la ukarabati kabla ya kitu chochote. Wakfu nyingi hazikuuliwa na wezi. Ziliuliwa na kodi ndogo isiyotosha hata kununua chokaa.

Cairo: mlinzi anapolala kitanda kimoja na mwizi

Katika zama za Mamluki, Cairo ilijaa majengo ya kupangisha yaliyokuwa wakfu. Chini yalikuwa maduka na maghala, na juu yake vyumba vya familia vilivyoitwa rabu. Wikala ya Sultan al-Ghuri, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 16, imesimama mpaka leo karibu na msikiti wa al-Azhar na inaonyesha mpango huo. Palikuwepo pia Ribati ya Baghdadia, iliyojengwa mwaka 684 Hijria na Tidhkarbay Khatun, binti wa Sultan Baybars, kwa ajili ya Bibi Zaynab al-Baghdadiyya na wanawake waliokuwa pamoja naye. Walioachika na waliohamwa walipata stara humo mpaka waolewe au warejee kwa waume zao. Sharti la Zubeir lilikuwa likiishi baada ya karne sita.

Lakini mwanahistoria al-Maqrizi ametupa pia upande mwengine. Mwanzoni mwa karne ya tisa Hijria alikuwepo kiongozi mwenye nguvu, Jamaluddin Yusuf al-Ustadar, aliyefariki mwaka 812. Alipoitamani nyumba ya wakfu, alileta mashahidi wawili wakashuhudia kuwa jengo lile linamdhuru jirani na mpita njia, na kwamba maslahi ni kulibadilisha kwa kitu chengine. Kadhi wa Kihanafi, Kamaluddin Umar bin al-Adim, akahukumu kuwa libadilishwe. Njia ikishafunguliwa, wengine wakaifuata, na majengo mazuri ya mji yakatoka katika wakfu moja baada ya jengine.

Mwenye kusoma kisa hiki kwa pupa atasema: tatizo ni rukhsa ya kubadilisha wakfu. Sivyo. Rukhsa ina mahali pake pale jengo linapoharibika kweli kweli, na wanavyuoni wana mjadala mrefu juu yake. Tatizo lilikuwa kwamba aliyetakiwa kumzuia mla wakfu alikuwa akimtumikia. Daftari lilikuwepo, mashahidi walikuwepo, muhuri wa kadhi ulikuwepo. Kilichokosekana ni umbali baina ya muangalizi na mwenye kuangaliwa.

Dola inapokuwa mpangishaji

Karne ya 19 ilileta dawa mpya. Mwaka 1826 Sultan Mahmud II alianzisha wizara ya wakfu mjini Istanbul. Misri ilianzisha diwani yake mwaka 1835, ikafungwa, ikafunguliwa tena mwaka 1851, na mwaka 1913 ikawa wizara. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1952 wakfu za familia zilifutwa huko Misri, na mwaka uliofuata wizara ikafanywa kuwa msimamizi wa wakfu za kheri. Hivyo aliyekuwa akikagua wasimamizi akawa yeye mwenyewe ndiye msimamizi. Tauba aliweka mkono wa kulinda. Dola ya kisasa iliweka mkono wa kushika.

Zanzibar ilipita njia inayofanana na hiyo. Baada ya kuwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, palianzishwa Kamisheni ya Wakfu katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Haja yake haikuwa ya kubuni, kwani nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilikuwa wakfu za misikiti, za jamaa na za huru waliokuwa wakikaa humo, na bila ya hati zilizohifadhiwa ni rahisi haki kupotea. Lakini mambo ya ardhi huko Ng'ambo yanatufundisha jengine. Watu wengi wa huko, na miongoni mwao waliokuwa watumwa na watoto wao, walijenga katika viwanja vya matajiri na vya wakfu bila ya kulipa kodi, kwa mazowea ya ihsani. Utawala mpya uliyatazama mazowea hayo kwa jicho la mali, kodi za viwanja zikaja na zikapanda, na mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kuzilipa. Ihsani isiyoandikwa ilikuwa haina wa kuitetea.

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi za mji zilitaifishwa. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ilipangwa upya kwa sheria ya mwaka 1980, kisha kwa sheria ya mwaka 2007. Wenye kuujua Mji Mkongwe wanaijua pia hali ya nyumba ambazo kodi yake ilibakia ndogo mno kwa miaka mingi: mpangaji anafurahi kwa bei, na ukuta unasubiri masika. Kodi nafuu katika nyumba inayoporomoka si unafuu.

Mfano wa Uingereza

Tunaitaja Uingereza kwa sababu ina tarikhi ndefu ya nyumba za kheri, na kwa sababu misiba iliyobadilisha sheria zake iliwafika Waislamu pia. Mwaka 1862 tajiri wa Kimarekani, George Peabody, alitoa fedha za kuwajengea masikini wa London nyumba za kupanga. Ukiitazama ni sawa na wakfu. Mwaka 1964 serikali iliunda shirika la kusimamia jumuiya za nyumba, na kwa sheria ya mwaka 1974 jumuiya iliyotaka fedha za serikali ilipaswa kusajiliwa kwanza. Shirika hilo hilo ndilo lililotoa fedha na ndilo lililokagua. Sheria ya mwaka 2008 ikazitenganisha kazi hizo mbili, lakini ya mwaka 2011 ikamfunga mikono mkaguzi: aliweza kuyaingilia malalamiko ya wapangaji pale tu penye dhara kubwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni 2017, katika mwezi wa Ramadhani, jengo la ghorofa la Grenfell huko London liliwaka moto na watu 72 wakafa, wengi wao Waislamu. Wapangaji walikuwa wamekwishaonya juu ya usalama wa jengo lao. Mwezi wa Disemba 2020 mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, aliyezaliwa na wazazi wa Kisudani, alifariki mjini Rochdale. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulithibitisha kuwa aliuawa na maradhi ya kifua yaliyotokana na ukungu wa ukutani katika nyumba ya kupanga ya jumuiya. Baba yake alianza kulalamika tangu mwaka 2017.

Mpangishaji huyo alikuwa amesajiliwa. Alikuwa na ithibati, bodi na hesabu zilizokaguliwa. Kilichokosekana ni mlango ambao baba akiubisha hufunguliwa. Sheria ya mwaka 2023 ikamrejeshea mkaguzi nguvu zake. Tangu Aprili 2024 wapangishaji wakubwa wanakaguliwa kila baada ya miaka minne, na tangu Oktoba 2025 hatari ya dharura inapaswa kushughulikiwa ndani ya saa 24, na ukungu mkubwa kuchunguzwa ndani ya siku kumi za kazi. Mwenye kusoma Minhaj hatashangaa, kwani sharti la kuharakisha ukarabati limo humo tangu karne ya saba Hijria. Tofauti ni kuwa wao wameliwekea saa.

Tunalopaswa kulifanya

Kutokana na yaliyotangulia, kamati ya msikiti yenye hata nyumba moja ya wakfu inaweza kuanza na mambo matano, bila ya kungoja sheria kutoka juu.

Kwanza, daftari kama la Tauba: kila nyumba, hati yake, sharti la aliyeitoa, mpangaji wake na kodi yake, na nakala iwekwe pengine pa amani. Pili, msimamizi achaguliwe kwa uadilifu na uwezo kwa pamoja, na wawili wakamilishane ikiwa mmoja hana yote. Tatu, ukarabati utolewe katika mapato kabla ya mgao, hata kama mapazia ya msikiti yatachelewa. Nne, mpangaji ajue ni nani wa kumwendea, na lalamiko lake liandikwe tarehe na lijibiwe. Tano, na hili ndilo zito zaidi, hesabu zitazamwe na mtu asiyekuwa katika kamati, asiyekuwa mpangaji, na asiyekuwa jamaa wa msimamizi.

Huenda mzee mmoja akaona kuwa kuulizwa hesabu ni kutoaminiwa. Tumkumbushe kwa adabu kuwa Mtume (s.a.w.) alimtaka hesabu mtu aliyemtuma kukusanya zaka aliporejea, na akakemea alipodai kuwa sehemu yake ni zawadi aliyopewa. Hesabu haimvunjii mtu heshima. Inamkinga yeye na shubuha, na inamkinga masikini asiyeweza kujitetea.

Aliyeweka wakfu amekwenda na amali yake inamfuata maadamu paa halijaanguka. Sisi tulioachiwa funguo ndio tutakaoulizwa juu ya paa hilo. Mwenyezi Mungu (s.w.) atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuzichunga amana zao. Amin. Wallahu aalam.